Kijani cha Jana

Paysandú, Julai, baridi ya kukunja vidole.
Katika ofisi ya ushirika wa maziwa, ghorofa ya pili,
Anahí Bentancur ananyonya mate kwa mrija wa chuma
(ndilo jina la kinywaji chao, msomaji, usikunje uso)
na mezani ana majina matatu,
programu tatu za kuchunga seva,
na fomu ya zabuni yenye safu kumi na moja.

Bei. Leseni. Urahisi wa kufunga.
Uzuri wa grafu, nao umetengewa alama tano.
Safu ya usingizi haipo.

Maana ile ya zamani ilibweka kwa kila kitu.
Ilibweka panya akipita, ilibweka jani likianguka,
ilibweka foleni ikirefuka, ikabweka tena ikifupika,
usiku mmoja mara mia nne na kumi na mbili.
Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi:
aliitia simu ndani ya soksi, soksi ndani ya droo.
Ujumbe wa mia nne na kumi na tatu
ulikuwa wa kweli.

Saa tisa usiku diski ikajaa pomoni.
Hifadhidata ikanyamaza katikati ya neno.
Langoni malori kumi na manne yakanguruma papo hapo,
kwani pasipo namba ya mfugaji maziwa hayapokelewi,
na maziwa hayana subira.
Kulipokucha dereva mmoja alifungua bomba mwenyewe.
Mtaro ukawa mweupe hadi barabarani.
Hakumtukana mtu. Alisema tu,
"Ng'ombe hawa wameamka bure."

Basi Jumanne hii hawasomi vipeperushi.
Wanavunja.

Dardo ameleta seva kuukuu, anaitesa kwa zamu:
anaishindilia mafaili matupu,
anaacha kazi moja imeshika kufuli, haitoki,
nyingine zimejipanga nyuma yake kama watu mbele ya choo kimoja,
anaichelewesha nakala mpaka inasimulia habari za juzi.
Mwishoni anachomoa waya.

Programu ya kwanza: ugonjwa mmoja, majina arobaini.
Anahí anaijua sauti hiyo. Anatazama droo.

Ya pili ni nzuri, usiombe.
Mistari yake inapanda na kushuka kama vilima,
na meneja Nélida ameshaipenda, ameshaitafutia ukuta.
Waya umechomolewa. Skrini ni ya kijani.
Dakika moja. Tano. Kumi.
"Si mnaona? Salama," anasema Nélida.
Anahí anaweka kiganja juu ya seva:
kimya, imepoa kama kitasa cha mlango.
Programu ilikuwa imekoma kuuliza,
ikishika jibu la mwisho ililopewa.
Kijani kile kilikuwa cha jana.

Ya tatu ina sura ya risiti.
Mistari miwili ya kijivu, herufi ndogo.
Asubuhi ilikuwa imesema neno moja tu:
*Kwa mwendo huu diski itajaa Ijumaa, jioni.*
Kisha ikakaa kimya, hata Dardo akadhani imekufa.
Waya ulipochomoka, ikaandika:
*Sijui. Tangu saa sita na dakika nne, sijui.*

Anahí akacheka peke yake.
Akachukua kalamu, akachora safu ya kumi na mbili
kwa mkono, imepinda, karibu na ukingo wa karatasi.

"Na hiyo ikifa," Nélida akauliza, "nani atatuambia?"
Dardo akaenda kuchemsha maji.

Usiku, simu iko juu ya mto, nje ya soksi.
Saa tisa anaamka bila kuitwa.
Skrini nyeusi. Hakuna ujumbe.
Analala chali akiupima ukimya huo,
kama ni wa afya, au ni wa waya,
mpaka kule barabara ya mtoni
lori la kwanza linabadili gia.