Dakika Kumi na Nne

Leo nimetua mara saba kabla ya chakula cha mchana,
kama huu waitwa mchana, huku Finnmark, mwezi wa Desemba,
jua limeaga tangu mwezi uliopita
na mlango limeufunga kwa nje.

Hammerfest, Mehamn, Berlevåg, Båtsfjord, Vadsø:
naipita miji hii kama mtu afungaye vifungo vya koti gizani,
kwa vidole.

Kutoka Båtsfjord hadi Berlevåg ni dakika kumi na nne.
Kahawa haipoi, kwa sababu haimiminwi.
Magurudumu hayajatulia tumboni
nami nayaambia, haya, shukeni.

Barua imo mfukoni, imekunjwa mara nne.
Oslo wananiita kwenye ndege kubwa:
Bangkok, saa kumi na moja hewani,
kutua mara tatu kwa mwezi,
na mshahara wa kumaliza deni la chuo cha urubani
kabla mvi hazijaanza.
Jibu kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.
Leo Jumatano. Theluji inaanguka kiubavu.

Kapteni Gunnvor alikuwa huko miaka tisa.
Nilimuuliza, dunia ikoje?
Alikuwa katikati ya orodha ya ukaguzi, hakuinua macho.
"Mapazia," akasema. "Mazito, ya kuzuia jua.
Dunia yote nimeiona kwa upande wa ndani wa mapazia.
Breki ya kuegeshea?"
"Imefungwa," nikajibu.
Tulipokwisha kuruka akaongeza:
"Ila usiniige. Mimi nilirudi kwa ajili ya mbwa."

Kuna usiku nayataka mapazia hayo.
Nalitaka bawa refu linalopinda kwa uzito wa safari,
na radi juu ya Ghuba ya Bengal, wingu moja likiwaka, kisha jirani yake,
kama nyumba za mtaa ulioamshwa na habari mbaya.
Nataka abiria mia tatu wasiojua jina langu;
huo nao ni usingizi wa aina yake.
Nina miaka ishirini na saba
na nimebeba samaki wengi kuliko watalii.

Halafu kuna Torleif.
Pale Berlevåg ndiye mkagua tiketi, ndiye mzoa theluji,
ndiye mjaza mafuta, ndiye yule gizani mwenye taa mbili.
Nikichelewa huitazama saa yake, si mimi.
Jumatatu alimleta bintiye hadi ngazini, mimba ya miezi tisa,
maana wodi ya uzazi iko ng'ambo ya milima.
Akasema, "Eirin, usimtikise."

Usimtikise! Upepo fundo thelathini na tano,
lami fupi kama pumzi ya mvutaji,
bahari mwanzo wake, bahari mwisho wake.
Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka;
hawakuwahi kukaa kiti cha kulia,
mkono huu usukani, huu vishikio vya injini,
na kimoja kikiponyoka twende wote.

Sikumtikisa. Sana.

Leo Torleif amenipungia, akanionyesha ubavu wa gari la mafuta.
Kwenye theluji iliyoganda ameandika kwa kidole: 3640.
Nikashtuka. Tangi letu halibebi kilo hizo!
Nikafungua kidirisha nimkemee,
akaweka mikono yake miwili mikubwa
kama mtu aliyeshika mkate wa moto.
Gramu. Ni gramu.
Gunnvor alijifanya anasoma hali ya hewa.

Sasa ni usiku, Vadsø, chumba chenye pazia jepesi.
Najaza kitabu cha safari: kumi na nne, kumi na nne, ishirini na mbili, kumi na nne.
Barua iko juu ya meza, imekataa kunyooka.

Ijumaa, saa sita kamili mchana,
nitakuwa kati ya Båtsfjord na Berlevåg, simu imezimwa.
Nimeangalia ratiba mara mbili.
Sijaomba ibadilishwe.