Safu Mbili

Saa tisa za usiku majani ya chai
hunukia kama tufaha lililokatwa sasa hivi,
nami naijua harufu hiyo kama ninavyojua
mlango wa nyumba yangu gizani.
Miaka kumi na tisa kwenye vitanda vya kunyausha,
kiwandani huku juu ya Tukuyu, mvua ikitwanga bati.
Nachota konzi moja, nafumbata, naachia:
yakitawanyika, bado;
yakibaki donge, nampigia kelele Ambokile wa mashine,
"Shusha!"
Hakuna aliyewahi kuniuliza nimejuaje.

Ukutani, chini ya saa, meneja wa zamani aliandikisha
JIFUNZE KILA SIKU kwa rangi ya kijani.
Unyevu wa Rungwe hauheshimu maandishi:
umeila JI yote, imebaki FUNZE,
amri iliyopotelewa na mtu wake.
Tulicheka. Tukapita chini yake na vikombe vyetu.

Kisha mwezi wa sita kikaletwa kipimo,
kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni,
na kijana Lusajo, mgeni kutoka chuoni, akakishika kama yai.
"Sabini na sita, Mama Tulinagwe. Bado."
Nikasema tayari.
Akasema sabini na sita.
Nikaficha mkono ndani ya koti
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Asubuhi ile sikulala.
Asilimia sikuijua. Nilijua mia, nilijua kilo,
nilijua deni la dukani.
Nikachukua kitabu cha hesabu cha Bupe, binti yangu,
cha darasa la sita, jalada limetafunwa na panya,
nikakaa jikoni maharage yakitokota,
nikagawa, nikazidisha, nikakosea,
nikafuta hadi karatasi ikatoboka.
Bupe akachungulia begani kwangu:
"Mama, umesahau nukta."
Nukta! Kitu kidogo kuliko punje ya ulezi,
kumbe ndicho kinachobeba gunia.

Tangu hapo nina daftari, safu mbili.
Kushoto MKONO. Kulia KIPIMO.
Nabashiri kwanza, naandika, ndipo namwita Lusajo.
Sabini na moja; kipimo sabini na saba.
Sabini; sabini na sita.
Kurasa nne za aibu kwa wino wa bluu.
Ukurasa wa tano ndipo nikaona:
makosa yote yamelala upande mmoja,
yote ya usiku, yote ya kipupwe,
saa ambazo vidole vimekufa ganzi,
na ganzi haitofautishi
jani bichi na jani lililonyauka.
Basi ni Juni ngapi nimeshusha mabichi?
Chai ngapi imetoka hapa na ladha ya baridi yangu
nami nikitembea kifua mbele?

Hilo liliniuma kuliko kusahihishwa na kijana.
Ila pia, sijui niseme vipi,
lilinitia njaa.

Siku hizi naweka mkono kwapani, nahesabu hadi sitini,
ndipo nafumbata.
Lusajo naye huweka wake. Tunasimama pale
kama kuku wawili walionyeshewa, tunahesabu.
Jana alinusa kabla ya kuwasha kidude chake,
akasema, "Tufaha?"
Nikamwambia, "Hilo bado ganda la ndizi. Subiri."
Akasubiri. "Ndaga," akasema baadaye,
akaandika kitu kwenye kiganja, sikukiona.

Mshahara ni uleule. Barua ya cheo haijaja.
Ambokile ananiita Profesa, kwa dhihaka,
nami naitika.

Jumanne tofauti ilikuwa moja tu.
Nilirudi nyumbani ndani ya ukungu nikijiona mrefu.
Jumatano: nne.
Nimeiandika hivyohivyo, nne,
nikafunika kalamu, nikapita chini ya ukuta,
na pale rangi ilipobanduka nikatamka, polepole,
ile silabi iliyoliwa.