Zamu ya Mkono wa Kushoto

Mashine tatu zimepangwa mezani kama wachumba,
na Corwin Hebb, kijana wa duka, anazisifia kama mshenga
aliyekwisha kula nauli.
Mimi nimekaa, fimbo magotini,
mkono wa kulia nimeulaza mfukoni mwa koti
kama mtu anayeficha mkate.

Nje, theluji ya Machi ya Nova Scotia
inadondoka tone tone kutoka paa la posta.
Ndani kunanuka pamba mpya na kahawa iliyolala.

"Hii, Bi Zwicker, inaongea na simu.
Unachora nyota, unabonyeza, basi."
Kweli, kisu kidogo kinatembea chenyewe
kama panya darini. Kinakata hata unyoya wa bata.
Lakini kitambaa kimebandikwa kwenye ubao wa gundi,
na kukibandua kunataka mikono miwili,
mmoja ushike, mmoja uvute.
Namwuliza: huo wa pili utaniazima wewe?
Anacheka. Kisha anautazama mfuko wa koti langu,
anaacha kucheka.

Ya pili ni ya umeme. Kitufe kimoja tu.
Rola zinameza kalibu na tabaka sita za kitambaa,
zinatema miraba upande wa pili,
kingo kali kama noti mpya.
Kwa bei yake ningenunua jiko na friji.
Tena kila umbo lina kalibu yake,
kila kalibu ina bei yake: mraba, pembetatu, almasi.
Ukiolewa na mashine, umeolewa na ukoo mzima.

Ya tatu iko pembeni, ya chuma, kijivu,
haijui umeme wala simu.
Ina mpini wa kuzungusha. Upande wa kulia.

Siku zote upande wa kulia.
Tangu Oktoba, kiharusi kiliponikuta jikoni
na birika mkononi,
ndipo nilipojua dunia yote imekatwa kwa kalibu moja:
mkasi, kifungua kopo, kisu cha gurudumu,
hata vifungo vya blauzi.

Wenzangu wa ukumbi wa kanisa walikuja na keki na pole.
Hildred akasema nimpe vitambaa, atanikatia yeye.
Ananikatia vizuri. Robo inchi yake ni robo inchi.
Lakini mifarishi yangu
ikaanza kuwa na nyota za Hildred.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, najua.
Mimi sina ng'ombe.
Nina yadi kumi na moja za pamba ya buluu
na maonyesho ya Septemba,
ambayo Hildred ameyashinda miaka minne mfululizo.

"Igeuze," namwambia Corwin.
"Niigeuze vipi?"
"Mgongo uje mbele."
Anasema kitabu cha maelekezo hakisemi hivyo.
Namwambia kitabu kiliandikwa na mwenye mikono miwili.

Anaigeuza. Mpini sasa uko kushoto kwangu.
Nauzungusha. Inagugumia, inakwama, inashika,
kalibu inaingia kwa sauti ya mtu anayetafuna barafu,
na huko ng'ambo zinatoka pembetatu kumi na mbili,
moja imeliwa ncha
kwa kuwa kitambaa kilinyanyuka pembeni.

Hapo namtoa mfukoni yule mvivu.
Namnyanyua kwa mkono wa kushoto, namweka juu ya pamba,
vidole vimejikunja, baridi,
vizito kama kokoto la mtoni.
Hafanyi lolote. Anakaa.
Kitambaa kinatulia.

"Angalia vidole," Corwin anasema.
"Viangalie wewe," namjibu, "mimi nahesabu."
Ishirini na nne. Thelathini na sita.

Ile iliyoliwa ncha siitupi.
Nitaishona kwenye nyota ya kwanza, pembeni kabisa.
Hildred ataiona tangu mlangoni.