Safu Mbili za Mizabibu

Mimi ndiye niliyesimama kikaoni, Hombolo,
nikagonga meza hadi vikombe vya chai vikaruka:
Dunia na izunguke itakavyo, Neno halisogei!
Likaandikwa kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu,
maana katibu ni mimi.

Siku hiyo tulijadili simu.
Vijana walitaka kusomea masomo ya Jumapili kwenye simu.
Nikasema hapana. Kitabu ni kitabu:
kina ngozi, kina uzi, kina harufu.
Cha kwangu alikinunua baba kwa madebe matatu ya uwele,
mwaka wa njaa, mama akamnunia mwezi mzima.
Kioo cha kuulizia bei ya saruji
kitabebaje sauti iliyotenga nuru na giza?
Wazee wakanipigia makofi. Nikakaa, nikajifuta jasho.

Nje, dunia ilikuwa inazunguka kweli.
Makao makuu yamehamia, ardhi imepanda bei,
pori tulilochungia mbuzi limepewa namba,
watu wa mjini wanashuka garini, wanauliza ekari
kama anayeuliza fungu la nyanya.
Wapima walipofika kwetu na chombo chao cha miguu mitatu
waliacha vigingi. Saruji ilikuwa bado.
Usiku mmoja kigingi kimoja kikatembea.

Sisemi kilitembezwa na nani.
Kilitembea hatua sita kuelekea kwa Bi Mwanaidi Kisuda,
Mrangi wa Kondoa, mjane,
kikameza safu mbili za mizabibu aliyoipanda marehemu mumewe.
Asubuhi saruji ikamwagwa. Baadaye muhuri ukagongwa.
Karatasi ikasema ni zangu,
na karatasi haina haya.

Jumapili moja karibu na mavuno
zamu ya kusoma ilimwangukia Sechelela wa kidato cha tatu.
Biblia ya kanisa ilikuwa kwa fundi, mchwa wamekula jalada.
Akatoa simu. Akanitazama mimi kwanza,
kama mtoto anayepita karibu na mbwa.
Nikakunja uso. Mchungaji Malogo akamwitikia kwa kichwa.

Akasoma habari ya mfalme mwenye kila kitu
aliyelitamani shamba la mizabibu la jirani,
akajilaza kitandani, akageukia ukutani, akasusa chakula;
habari za barua zenye muhuri
na mashahidi wa kupangwa.
Alisoma bila madoido, akikwama kwenye majina.
Kioo kikazimika, akakigusa, kikawaka tena,
na kila kilipowaka kilikuwa kinanitaja.

Biblia yangu nilikuwa nimeikumbatia kifuani.
Ngozi, uzi, harufu.
Imefungwa zipu.

Ewe uliyekitetea kitabu miaka thelathini,
ni lini ulikiacha kikushitaki?
Miaka yote nilishika mpini.
Siku ile nilishikishwa makali.

Jumatatu nikachukua sururu.
Saruji ile haikutoka kwa sala, ilitoka kwa malengelenge.
Bi Mwanaidi akaja, kanga kaifunga kiunoni,
hakunisaidia, hakunizuia.
“Nilihesabu hatua,” akasema. “Sita.
Wanangu walitaka twende baraza la ardhi.
Nikawaambia ngojeni kwanza. Huyu jirani
kila Jumapili anabeba kitabu,
huenda siku moja akakifungua.”

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kuchimba.

Najua kung'oa bikoni kuna faini, na barua nitaandika,
na wazee walionipigia makofi nao watasema yao.
Muhtasari wa kikao kile nimeufungua tena.
Neno halisogei. Mstari ule sitaufuta.
Nimeongeza mmoja chini yake, kwa kalamu niliyoazima kwa Sechelela:
Kilichosogea ni kigingi.
Aliyekisogeza ni katibu.