Agizo la Manispaa

Stendi ya Rikubetsu, Hokkaido. Agosti yaisha.
Mitsue, kisu cha kukwangulia rangi mkononi,
ndoo ya maji ya sabuni miguuni.
Agizo: kwangua yote.

Chini ya taa, nondo jike
kafia juu ya mayai yake. Tumbo tupu, upara:
malaika yote kayang'oa mwilini
akawafumia wanawe blanketi la rangi ya chai,
maana theluji ya huku haipigi hodi.
Hatawaona. Kinywa cha kulia hana.

Nguzo ya kwanza. Ya pili.
Kwenye ya tatu Mitsue anavua glavu,
anagusa.

Laini kama utosi.

Jioni, kwenye fomu: *Nguzo kumi na moja, safi.*
Stendi ina kumi na mbili.