Fidla Namba Saba

Mimi sipigi. Kazi yangu ni ufunguo.
Kila Alhamisi, saa tisa na robo, nafungua ukumbi wa Corrabin,
nafagia nzi waliokufia dirishani,
nazima feni, maana ina noti yake moja
na haikubali kushauriwa.
Napanga viti kumi na vinne. Wakija tisa, nashukuru.

Mwalimu Merrin Leong anatoka mjini, kilomita mia na themanini,
selo mbili kiti cha nyuma, zimefungwa mikanda kama wakwe.
Nje maghala ya ngano yamesimama marefu na matupu,
mwaka wa pili huu mvua hatuoni hata salamu zake.

Watoto wanashuka basi la shule na vumbi lao.
Robo kwa wadogo, nusu kwa wanaofuata, kisha robo tatu:
mkono ukirefuka fidla inabadilishwa kama kiatu.
Mwezi wa kwanza, nisikudanganye, hakuna muziki.
Kuna bawaba. Kuna paka aliyefungiwa stoo.
Kuna mbwa wa akina Pell, nje, anayeitikia kwa imani yote.
Mwalimu hasemi "vibaya." Anasema "sikia,"
anashika kiwiko cha mtoto na kukishusha kidogo,
kama mtu anayepunguza utambi.

Namba saba ilikuwa ya Keelan Stott.
Nusu. Ina kovu shingoni, siku ilipoanguka kutoka trelani
kati ya marobota ya nyasi za kondoo.
Na ndani yake mna punje ya ngano.
Iliingiaje, hakuna ajuaye. Ukiitikisa: cha, cha.
Keelan aliichokonoa kwa waya,
akajaribu sumaku, nikacheka: tangu lini ngano ikawa chuma?
Akaizoea. Akaja kupiga vizuri, yule,
mpaka wanaume waliokuja kulipia bili ya maji
wakawa wanasimama mlangoni, kofia mkononi,
wakijifanya wanatafuta risiti.

Kisha baba yake akauza kondoo.
Akauza trela. Akauza shamba.
Usiku mmoja wa Juni wakahama, hawakuaga,
na asubuhi geti lao lilikuwa wazi,
jambo ambalo huku hatulifanyi.
Kwenye daftari la vifaa nikaandika kwa penseli:
saba, haipo.
Kamati ikasema, futa mstari.
Kifutio sikukitafuta.

Miaka mitatu.
Juzi dereva wa vifurushi akanipigia honi.
Sanduku, na ndani yake taulo la hoteli fulani ya barabarani,
na ndani ya taulo, saba,
nyuzi nne mpya zinang'aa, na kikaratasi:
*Nimekua. Haiingii tena begani.
Nyuzi ni za hela ya kuosha vyombo.
Punje bado imo. Samahani kwa kuchelewa.*

Kwa kuchelewa! Kama mtu aliyeazima sufuria.
Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi kitambo,
taulo mapajani, nikilikunja na kulikunjua.

Leo kaipewa Jovelyn Abrenica, miaka minane,
aliyekuja Aprili na mama yake,
muuguzi wa wazee katika hospitali yetu ya vitanda kumi na moja.
Kidevu kimekaa. Mkono umefika.
Anaitikisa. Anaganda.
"Humu mna mtu."
Mwalimu ananitazama. Mimi natazama feni.
"Uzi wa tatu," anamwambia, "mtupu, bila kidole."

Upinde ukaenda mrama, sandarusi ikapeperuka kama unga,
sauti ikakwaruza, ikajikwaa,
kisha kwa kiasi cha pumzi moja ikanyooka,
na ndani ya mbao punje ikatetemeka, dzz,
nasi sote tukaisikia.

Nje mbwa wa Pell akaanza.
Nikafungua daftari, nikatafuta saba,
nikamuuliza jina lake linaandikwaje,
herufi kwa herufi, polepole, maana wino haufutiki.