Kidevu

Mwaka ule wa barakoa, niseme kweli,
nilipumzika.
Kisumu ilikuwa ikizika, ikinong'ona, ikinawa mikono,
nami Kibuye, nyuma ya cherehani ya miguu,
nashona vipande vya kitenge na lastiki,
na chini ya kitenge changu, cha maua ya zambarau,
ndevu zangu saba zinaota bila hofu.

Saba. Nazijua kama muuza duka ajuavyo wadeni wake.
Ile nene ya kushoto hurudi kila Alhamisi.
Miaka kumi na mmoja nimezing'oa alfajiri
kwa kikoleo na kioo cha pikipiki,
kabla Obura hajafungua kibanda chake cha rangi,
kabla mteja wa kwanza hajaniita "mama"
kisha akasita.

Na mwezi wangu? Huo ni fundi wa mabomba:
unamwita Februari, anabisha Juni,
anafurika sakafu nzima, anaondoka bila kuaga.
Mavyaa alihesabu miezi yangu kwa vidole,
akaishiwa na vidole,
akamtafutia mwanawe nyumba nyingine.

Kisha nikashikwa.
Tulishikwa pamoja, mimi na Obura,
pengine kwa noti moja ya hamsini tuliyopeana chenji.
Yeye siku ya nne alikuwa juu ya ngazi, anapaka kibao, anapiga mluzi.
Mimi wiki ya tatu
nilikuwa nikitoka kitandani hadi mlangoni
kama mtu anayepanda Nandi kwa magoti.

Hospitalini karani hakuinua kichwa.
Kisukari? Sina.
Presha? Sina.
Pumu? Sina.
Ugonjwa wowote wa kudumu?
Nikawaza ndevu saba, nikamwaza fundi wa mabomba,
na ule mkunjo mweusi wa shingo
uliokataa sabuni ya mche, ndimu, hata jiwe.
Nikasema, hakuna.
Kwani huo ulikuwa ugonjwa?
Nilidhani ndiyo sura yangu.

Sista Nyaboke hakutazama macho yangu.
Alitazama shingo. Akaweka kidole pale peusi,
akauliza, "Kageha, mwezi wako huja lini?"
Nani humwuliza mtu anayekohoa habari za mwezi?

Akanieleza polepole, huku akinipima sukari:
ovari zenye vijifuko kama ushanga,
homoni zisizosikilizana,
insulini inabisha hodi, seli zimejifungia ndani,
na mwili unafuka moshi chinichini
hata siku ambazo najiona mzima.
"Virusi vikija," akasema, "havihitaji kiberiti."
Si kila mwanamke, akaongeza, na watafiti bado wanabishana,
lakini wa hali yako wanaelekea kuugua zaidi kidogo.

Hiyo kidogo
ndiyo iliyonilaza wiki tatu.

Nikauliza, mbona fomu haina mahali pake?
Akacheka cheko la mtu aliyeunganisha zamu mbili,
akashusha barakoa anywe maji.
Na hapo, chini ya mdomo, upande wa kulia,
nikaona kivuli cha wembe wa asubuhi.

Aliona kwamba nimeona.
Hakuipandisha haraka.
Alichukua kalamu, akachora kisanduku pembeni mwa fomu,
kimepinda kama mfuko ulioshonwa na mwanagenzi,
akatia alama ndani.

Nimerudi Kibuye. Barakoa zilizobaki
nimezifanya viraka vya mito.
Sukari yangu naifuata kama mtoto mtundu sokoni;
kuna siku inaniponyoka.
Ndevu bado saba, Alhamisi bado Alhamisi.
Lakini fundi hupima shingo,
na zipo shingo ambapo futi yangu husimama yenyewe.
Nauliza kwa sauti ya chini, pini mdomoni,
mwezi wako huja lini, dada?
Wengine hukasirika, hudai kitambaa chao.
Juzi mmoja, wa kutoka Ahero,
alinyamaza muda mrefu,
akatazama nje kama kuna anayemsubiri,
kisha akavuta stuli.